Mkono wa Kushoto Usibebe Shingo

Mwanafunzi mpya akija chumbani kwangu hapa Langas, simwambii apige wimbo. Namwambia akumbatie gitaa, kisha auondoe mkono wa kushoto kabisa. Shingo ya gitaa ikianguka, kazi ya siku hiyo ni kujifunza kukaa: gitaa litulie pajani, mkono wa kulia uliegemee kwa juu, shingo ielekee juu kidogo, na mkono wa kushoto ubaki huru. Mkono unaobeba shingo hauwezi kubonyeza waya vizuri. Nimefundisha tangu enzi za kaseti, na malalamiko mengi ya vidole na vifundo niliyoletewa yalianzia hapo.

Mimi nilijifunza gitaa kavu kwa macho, kama wengi wa huku magharibi. Mtindo ulikuwa omutibo, ule wa George Mukabi aliyefariki mwaka 1963: gumba la kulia linatembeza besi, kidole cha shahada kinaimba juu yake, na mwenzako anagonga chupa ya soda kando. Mkono huo wa kulia ulituteka sote. Wa kushoto tuliuona kama msaidizi tu, ilhali ndio unaoamua kama sauti itatoka safi au itakwaruza.

Ukibonyeza waya katikati ya freti mbili, vile vyuma vya shingoni, utatumia nguvu nyingi bure. Ukikanyaga chuma chenyewe, sauti inazibwa. Pahali pake ni nyuma tu ya chuma, karibu kukigusa, kwa ncha ya kidole kilichopindwa, na kucha zimekatwa. Tofauti haizidi upana wa punje ya mahindi, lakini hapo nguvu ndogo inatosha. Gumba likae nyuma ya shingo, likitazamana na kidole cha kati. Najua wapigaji hodari wanaolipitisha juu ya shingo kushika waya wa besi, na napenda sana wanavyofanya. Anayeanza asubiri, maana gumba likipanda mapema, kiganja hugandama kwenye shingo na kidole kidogo hakifiki popote.

Wanaotoka katika nyumba za nyatiti au litungu huniletea furaha ya pekee. Ala hizo hazina shingo ya kubonyezwa; nyuzi hupigwa kwa mikono yote miwili. Kushoto kwao kuna vidole vilivyo huru tayari, na kinachobaki ni kuvionyesha kazi nyingine.

Mama mmoja alinijia asubuhi ya Julai, wakati baridi ya Uasin Gishu inakakamaza mikono.

"Mwalimu, nimepukuchua mahindi maisha yangu yote. Vidole hivi vimeshakuwa vigumu."

"Ngozi hiyo, mama, vijana huitafuta kwa wiki nyingi na machozi juu. Tupashe mikono joto kwanza, kisha tulegeze bega."

Alipolegeza bega, kiwiko kilishuka chenyewe, na waya ukalia.

Miaka ya karibuni wanafunzi wameanza kuniletea banjo, zinazorudi na jamaa walioko Marekani. Sishangai. Banjo ni ala ya kantri, na kantri ina mizizi mirefu Bonde la Ufa: mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, yaani mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia. Na banjo yenyewe chimbuko lake ni Afrika Magharibi, katika ufundi wa kibuyu na ngozi uliovushwa bahari na watu waliofanywa watumwa.

Banjo humrahisishia anayeanza. Mkanda hubeba uzito, na waya wa tano, ule mfupi unaoanzia freti ya tano, ni wa gumba la kulia. Ikityuniwa kwa G, nyuzi zikiachwa wazi tayari ni kodi ya G. Laza kidole cha shahada juu ya nyuzi nne kwenye freti ya tano, unapata C; freti ya saba, D. Mtu anapiga wimbo mzima alasiri ya kwanza. Halafu namrudisha chini ajenge C ya vidole vitatu: cha shahada waya wa pili freti ya kwanza, cha kati waya wa nne freti ya pili, cha pete waya wa kwanza freti hiyohiyo. Waya wa tatu uachwe wazi uimbe. Ukinyamaza, kuna kidole kimelala juu yake, na tunaanza tena kwenye bega.