Punda Wetu na Mbio za Maulidi

Baba alikuwa na punda dume mmoja, na punda huyo ndiye aliyetulisha. Vichochoro vya Lamu havipitishi gari. Mchanga na mawe ya matumbawe yaliyochongwa kisiwani Manda yalishushwa kwenye mashua pale ufukoni, kisha punda akayapandisha mjini ndani ya shogi mpaka adhana ya alasiri. Mafundi walilipa kwa safari. Siku ambayo punda hakutoka, usiku tulikunywa uji.

Mfungo sita ulipoingia, mji ulifurika wageni wa Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh. Katika michezo ya siku zile, mbio za punda ndizo zilizojaza watu ufukoni. Kwetu hakukuwa na kuweka dau, kamari ni haramu. Lakini sote tulijua tulichokiweka pale. Punda akishinda, sifa zake zinaenea mitaa yote, na fundi mwenye nyumba ya kujenga anamfuata baba mwenyewe. Punda akiteleza akavunjika mguu, ndiyo basi.

“Baba Athmani, huyu ndiye mkono wetu,” mama alisema. “Ukikatika tutashika nini?”

“Riziki ni ya Mungu, mama. Na watu nao wamwone.”

Kwa siku kadhaa baba alimpunguzia mzigo. Alimlisha wishwa na machicha ya nazi, akampaka mafuta penye michubuko ya shogi, akampeleka akakaguliwe kwato katika zahanati ya punda ya Donkey Sanctuary, iliyofunguliwa Lamu mwaka 1987. Kaka yangu ndiye aliyempanda. Hakukuwa na tandiko: alikaa nyuma kabisa, karibu na mkia, akimwongoza kwa fimbo, mguso huku na mguso kule shingoni.

Walipoachiwa, niliona masikio tu juu ya vichwa vya watu. Punda mmoja aligoma katikati ya njia, wengine wakamkwepa kwa kupita ukingoni mwa bahari. Mama alikuwa amenishika bega, na vidole vyake viliniuma. Wetu alikuja wa pili.

Zawadi ilikwenda kwa mwingine. Mama alipenya kwenye umati, akapitisha kiganja chake mguu kwa mguu, kuanzia goti hadi kwato, ndipo akasema, “Alhamdulillahi, mzima.” Wiki hiyohiyo fundi mmoja wa Langoni alimpa baba kazi ya kubeba mawe ya nyumba nzima, na kazi hiyo ndiyo iliyotuvusha mwaka ule.

Ndiyo maana huumia nikisikia mbio zile zikiitwa kichekesho cha watalii. Katika kila punda aliyepita pale palikuwa na ada ya chuo, unga na kodi ya nyumba ya watu fulani. Wenye punda walijua hatari ya kuvipoteza hivyo kuliko mtazamaji yeyote, na bado walitaka mji uone kwamba kazi yao ina ufundi na fahari yake. Wanastahili kutazamwa kwa heshima.