Uso Ambao Mama Hakuutambua

Mama mmoja wa kigango chetu hapa Nzilo alitujia kabla ya Siku ya Marehemu Wote, akitaka tumchoree mwanawe aliyefukiwa na udongo akichimba shaba. Picha pekee aliyokuwa nayo ni ile ndogo ya kadi ya mpiga kura. Tukachora kwa vipimo tulivyofundishwa katika chuo cha ualimu: macho katikati ya kichwa, masikio kati ya nyusi na pua. Tukamvika koti na tai, ngozi tukaing'arisha. Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, “Baba Katekista, huyu ni kijana mzuri. Lakini mimi simjui.”

Tuliudhika kidogo, tukiri. Ndipo tulipomkumbuka Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1947, ambaye kati ya 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu Johannes Fabian picha zipatazo 100 za historia ya nchi yetu, akimweleza kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Alichora juu ya mifuko ya unga, na vipimo vya chuo havikumsumbua. Juu ya picha yenyewe aliandika majina na tarehe, mtazamaji asibahatishe. Nyuma ya miili ya Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961, aliweka misalaba mitatu. Wengine wenu mtasema kumsogeza mwanasiasa karibu hivyo na Golgota ni kupita kiasi. Nasi jambo hilo linatusumbua. Hata hivyo, marehemu wake hawakupambwa ndipo waheshimiwe.

Misalaba yake ni yake, hatukuiiga. Tulirudi kwa mama tukamwuliza yale tuliyopaswa kuuliza tangu mwanzo. Kumbe kijana alikuwa na kovu juu ya nyusi, na taa yake ya kichwani aliisahau shingoni hata Jumapili, watoto wakamcheka. Sasa koti limeondoka. Vumbi limerudi, taa iko shingoni, jicho la kushoto liko chini kuliko la kulia, na jina lake tumeliandika kwa herufi kubwa pamoja na siku aliyofariki.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mama alikuja akakaa mbele ya picha bila neno. Mwishowe akauliza kwa nini hatujamaliza masikio.