Bibi wa Nyumba ya Pili

Wahenga walinena kuwa penye wazee hapaharibiki neno. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa maana ya jambo: mzee akiwapo, ugomvi husuluhishwa na shauri likapata mwelekeo. Kwa watoto waliokulia katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa, miaka ya 1990, methali hiyo ilikuwa na maana ya wazi zaidi. Nyumba ya pili kutoka msikitini aliishi bikizee mmoja, na mbele yake neno la Kiswahili halikuharibika.

Hakuwa na udugu wa damu na watoto hao. Alikuwa jirani tu, mjane ambaye binti zake walikuwa wameolewa mbali. Hata hivyo, watoto wote walimwita Bibi na kumwamkia shikamoo asubuhi na jioni. Mama zao walimwachia funguo na vichanga bila ya wasiwasi. Aliyechelewa kurudi kutoka shule alihojiwa naye kwanza, kabla hajafika kwao.

Jiko lake lilikuwa darasa. Alasiri, alipoketi juu ya mbuzi kukuna nazi, watoto walimzunguka wakingoja kutumwa. Aliyetumwa nazi akarudi na koroma alichekwa, kisha akarudishwa sokoni. Hapo ndipo walipojifunza kuwa tunda la mnazi halina jina moja: huanza kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likakaza nyama na kuwa koroma, ndipo likaitwa nazi, nayo nyama yake ikikaushwa huwa mbata. Walijua kuwa tui la kwanza, lile zito, ni kasimile, na kwamba hutiwa mwisho chakula kinapokaribia kuiva. Walijua kuwa tui hukamuliwa kwa kifumbu, na kinachosalia ni machicha. Bibi hakuyafundisha maneno haya ili yakaririwe. Aliyatumia tu. Asiyeyaelewa hakupata kazi, na asiyepata kazi alikuwa wa mwisho kupewa mahamri.

Bibi alisema Kimvita. Kwake njia ilikuwa ndia, mchele ulikuwa mtele, macho yalikuwa mato na njaa ilikuwa ndaa. Watoto walisema hivyohivyo hadi walipoanza kuandika insha. Madaftari yakarudi nyumbani yamejaa wino mwekundu, kila ndia imefutwa na kugeuzwa njia. Mwalimu alikuwa akitimiza wajibu wake, kwani tangu kuanzishwa kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na mtihani ulidai Kiswahili sanifu. Lakini baadhi ya watoto walitoa hitimisho lao wenyewe, tena wakalitamka jikoni mwake: Bibi hajui Kiswahili.

Bibi hakukasirika. Alipeta mchele wake kwa muda, kisha akasema, "Skuli neneni kiskuli, mupasi. Mukija hapa, neneni nami."

Jawabu hilo fupi lilikuwa na historia nyuma yake. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano mumo humo Mombasa, ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita. Wakati huo Bibi alikuwa msichana mdogo akisoma chuoni, umbali mfupi tu kutoka kwa waliokuwa wakiamua hatima ya lugha ya mama yake. Uamuzi huo uliipa Afrika Mashariki lugha moja ya maandishi, na faida yake haikanushiki. Lakini ulimfanya mjuzi wa lugha aonekane hajui mbele ya watoto aliowafundisha kusema.

Vivyo hivyo alihesabiwa hajui kusoma, kwa kuwa hakujua herufi za Kilatini. Ilhali usiku alisoma tenzi kutoka daftari kuukuu lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu, huku akiongeza beti zake mwenyewe pembeni mwa ukurasa. Alipofariki, mtaa mzima ulimzika kama mama wa kila nyumba. Vyombo viligawanywa, mbuzi ikapata mwenyewe, kifumbu kikapata mwenyewe. Daftari halikupata mtu, kwa kuwa hapakuwa na wa kulisoma. Hadi leo halijulikani lilikokwenda.

Baadhi ya watoto wale walifika chuo kikuu. Katika mihadhara ya lahaja waliyakuta maneno ya jikoni yameandikwa ubaoni: ndia kando ya njia, mtele kando ya mchele, yakiwa ushahidi kuwa sauti za Kimvita hulingana na za Kiunguja kwa utaratibu maalumu. Kilichofutwa kwa wino mwekundu kilikuwa sasa kinatolewa alama.

Ni jambo jema kwamba vyuo vimezipa lahaja heshima yake. Lakini ubao huhifadhi mifano michache, nao wazee walijua lugha nzima. Mwanafunzi wa Kiswahili anayehangaika kutafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali. Achukue kalamu na daftari, abishe hodi nyumba ya pili, na aende mapema.