Globu ya Tatu

Kijana yule wa Kihonda alikuja kibandani kwangu Msamvu mara mbili ndani ya mwezi mmoja, taa ya mbele imekufa. Mara ya kwanza nilimwekea globu mpya. Mara ya pili nikamwekea nyingine, tena nikamlaumu kwamba anapitisha pikipiki kwenye makorongo. Mara ya tatu alikuja kaka yake, anasukuma pikipiki iliyopinda shokapu za mbele. Globu ilikuwa imeungua usiku, kijana akiwa mwendoni barabara ya Dodoma, na mbele yake lori bovu limesimama bila hata majani ya kutahadharisha. Mguu ulivunjika.

Kaka mtu alipoondoka nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya siku ya kwanza. Niliwasha injini, nikaweka tesita kwenye betri, nikavuta mafuta. Betri ya volti 12 ikichajiwa vizuri husimama kwenye 14 na ushee. Hii ilipanda hadi 17. Rektifaya ilikuwa imekufa, haizuii tena umeme wa sumaku, na kila globu niliyoiweka nilikuwa naipeleka kuungua. Nilimfuata kijana hospitali nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama rektifaya ni ghali.

Tangu hapo siuzi globu kabla ya kupima. Naangalia holda kama imeyeyuka, nafuata waya wa athi hadi unapofungwa kwenye fremu, maana athi ikilegea hata globu mpya huwaka nyekundu kama kibatari. Kioo cha globu ya halojeni sikigusi kwa vidole: palipoachwa mafuta ya mkono hupata joto kuliko pengine, na kioo hupasuka.

Vijana siku hizi wanataka LED nyeupe. Nawaelewa, wanaogopa giza. Lakini reflekta ya taa zao ilipimwa kwa uzi mdogo wa globu. Ukipachika LED isiyokaa sawasawa mahali pa uzi huo, mwanga unatawanyika, dereva anayekuja mbele anapofuka, na mwenye taa bado haoni shimo. Kwa kilomita 60 kwa saa pikipiki hula karibu mita 17 kila sekunde.

Jioni, giza likianza kuingia, naelekeza pikipiki kwenye ukuta wa ghala la jirani na kuchora mstari wa chaki usawa wa taa. Mwenyewe anakaa juu, msaidizi wangu anapanda nyuma kama abiria, kwa kuwa uzito wa nyuma huinua taa. Mwanga wa dimu lazima uangukie chini ya mstari.

Mwaka uliofuata kijana alirudi, anachechemea kidogo, na pikipiki nyingine.

"Shikamoo fundi. Taa inawaka, ila naomba uipime."

"Marahaba, mdogo wangu. Panda."

Msaidizi akakaa nyuma yake, nikachukua chaki.