Meringi ya Eid na mvua za Ikinga



Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa Eid ilitukuta Ikinga, Ileje, kwao mume wangu, mvua za masika hazikatiki. Nikataka mawifi waonje mkono wa Unguja. Nikapiga ute wa mayai na sukari, nikaoka meringi kubwa kama sahani ya pilau, nikaifunika kwa kitambaa. Asubuhi ya Eid imelowa, inanata kama gundi. Nililia jikoni. Mama mkwe akaonja kwa kidole: "Mwanangu, mbona tamu? Tutaila kwa kijiko." Tukaila.

Kosa lilikuwa langu. Sukari huvuta unyevu wa hewani, na kwenye friji ndiyo inalowa zaidi. Siku hizi naiacha ipoe usiku kucha ndani ya oveni niliyozima. Naiweka juu ya mfuniko wa ndoo pana, naigeuzia ndoo yenyewe, naibana, nazungushia selotepu. Siku mbili bado kavu. Krimu na pasheni ni wageni wakishaketi.

Bibi harusi, ikinata usilie: irudishe oveni, moto mdogo, ipoe humo humo. Mama mkwe kila Eid huniuliza, "Ile ya kijiko iko wapi?"