Gitaa Langu Lina Sauti Yake
Vijana wengi huweka gitaa chini wakisema, "Siwezi kupiga kama fulani." Mimi nami shaka hiyo ilinisumbua miaka mingi, kwani vidole vyangu ni vifupi na vizito. Kilichonitia moyo ni habari za Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa mwaka 1952 mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo. Mkono wake wa kuume ulitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada, hata mtu akadhani anasikia magitaa mawili. Basi nikaacha mbio za wengine, nikapiga polepole, kama ninavyosema. Sasa watoto wangu hulitambua gitaa langu wangali njiani. Ndugu, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Anza na vidole ulivyo navyo.