Mbeba Maji wa Alunguli

Asubuhi ya Kindu, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huanzia mtoni. Mitumbwi inatoka Alunguli, ukingo wa mashariki wa mto Lualaba, imesheheni mihogo, makaa, mikungu ya ndizi na wanafunzi wenye mashati meupe. Daraja hakuna. Chakula, maiti, bibi harusi, wote huvuka majini.

Katikati ya zogo la kivukoni kuna mwanaume mwenye mabega mapana, umri wake kama miaka arobaini, anayebeba bidoni za njano za lita 20 hadi kwa mama mmoja anayepikia watu wali na sombe, yaani kisamvu. Hajui kuhesabu pesa. Anajua kwamba bidoni ya kwanza ni ya sufuria kubwa, ya pili ni ya kuoshea sahani, na kwamba akimaliza ya nne atakaa kwenye benchi, upande wa ukutani, apewe chakula chake. Nilimkuta amesimama mbele ya mgeni aliyekalia nafasi hiyo, kimya, maji yakimchuruzika mgongoni. Mpishi hakumkemea yeyote. Alimwambia mgeni tu: "Papa, songa kidogo, hapo ni pa mwenyeji." Mgeni akasonga.

Nilikuwa nimekuja kuuliza namna watu wazima wenye ulemavu wa akili wanavyotunzwa katika mji huu, na kila niliyemwuliza alinitajia mama wa mtu, dada wa mtu, au shangazi. Hakuna aliyenitajia kituo. Kwa huyu wa bidoni nilielekezwa Alunguli, kwa mama yake.

Mama huyo ni mjane, anauza mawese mlangoni. Magoti yanamsumbua, ananyanyuka kwa kushika nguzo. Alinieleza siku za mwanawe kama mtu anayekabidhi ghala. Usiku anakunywa dawa ya kifafa, na mama asipoikuta dukani hamruhusu kuvuka kesho yake. Ndevu ananyolewa Jumamosi, na lazima aonyeshwe wembe kwanza. Radi inamtisha, mvua haimtishi. Akisema tumbo linauma, kwanza umwulize nani amemgombeza.

Kifafa na mtumbwi! Hapo ndipo ugomvi wa familia ulipoanza. Mjomba alitaka mpwawe abaki uani, maana mtu akishikwa katikati ya Lualaba hakuna wa kumfuata. Mama alikataa. Akaenda kwa mpiga kasia mmoja, wakapatana: kijana anakaa chini, katikati ya mtumbwi, si ukingoni, na anavuka na huyo peke yake, bila nauli. Kijana, anamwita bado. Katika nchi tajiri mapatano ya aina hii yangejaza kurasa za fomu na kutiwa saini na watu watatu. Hapa yalifanyika kwa kusimama kwenye matope, na yanafuatwa.

Hata hivyo sitaki kuipamba hali. Wabeba maji wengine hulipwa kwa kila bidoni. Huyu analipwa sahani, pamoja na fedha kidogo anayopelekewa mama yake kila mwisho wa juma. Nilipomwuliza mpishi kama hiyo ni haki, alicheka: "Na siku anayolala mgonjwa, anakula vilevile." Ni jibu zuri, lakini halikuniridhisha.

Wala si kila ua una mama wa namna hii. Mtaani Mikelenge nilioneshwa binti aliyekwisha kuwa mtu mzima, ambaye havuki ukuta wa matete. Hajafungwa, analishwa vizuri, nguo zake ni safi. Dada yake alisema hatoki kwa sababu ya wanaume, akaishia hapo, na katika mkoa uliopitia vita vya 1998 hadi 2003 hakuhitaji kuniongezea maelezo. Ukimpima kwa usafi na shibe, binti huyu anatunzwa kuliko mbeba maji. Lakini nilipouliza anapenda kufanya nini, ndugu zake walitazamana.

Wanaosema suluhisho ni kujenga nyumba kubwa na kuajiri walinzi wakumbuke Winterbourne View, hospitali ya binafsi karibu na Bristol, Uingereza. Ilikuwa na kuta, mishahara na wakaguzi. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ikaonyesha wagonjwa wenye ulemavu wa akili wakipigwa na kudhalilishwa na waliolipwa kuwatunza. Wafanyakazi 11 walihukumiwa mwaka uliofuata.

Ubelgiji, iliyoitawala Kongo, ilikuwa na mfano bora nyumbani kwake. Katika mji wa Geel, tangu Enzi za Kati, familia za kawaida hupokea wagonjwa wa akili na wenye ulemavu wa akili wakaishi nao, wakalima nao, wakazeeka nao. Familia hulipwa, na muuguzi hupita kuwatembelea. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wageni hao walizidi 3,500. Kindu ililetewa reli na bandari. Geel haikupakiwa melini. Sehemu ya kwanza ya mfano huo, yaani familia na mtaa, Alunguli inayo tayari. Inayokosekana ni malipo na muuguzi.

Kwenye karatasi mambo yapo. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Sheria ya haki zao ilitolewa Mei 2022. Mama wa Alunguli hajawahi kuzisikia. Alichonacho ni magoti yanayouma na hofu ya nani atamjua mwanawe yeye akishakufa.

Kwa hiyo ameita kikao, nami nikaruhusiwa kukaa pembeni. Walikuja binti yake aliyeolewa, mjomba yule yule, mpishi na mpiga kasia. Aliwaeleza yote: wembe, radi, tumbo. Binti akakubali ndugu yake alale kwake. Mpiga kasia alisema kwa upande wake hakuna kinachobadilika. Mpishi, bila kuombwa, akaahidi kuongeza fedha ya juma. Kisha mjomba akauliza dawa itanunuliwa na nani. Walihesabu fedha, wakahesabu tena, hazikutosha. Wakaahirisha hadi baada ya kuuza mpunga.